Maswali ya Wasomaji: Shafali Verma, na binti anayetaka kucheza kriketi Kigoma na Tabora

Tangu India ilipotwaa Kombe la Dunia la wanawake Novemba 2, 2025, barua za kriketi zimekuwa nyingi mezani petu, na mwezi huu kundi kubwa limetoka Kigoma na Tabora. Karibu zote zinamtaja Shafali Verma, mpigaji wa timu hiyo. Kwa msomaji asiyeujua mchezo: ova moja ni mipira sita, alama zinaitwa mikimbio, na mpigaji akitolewa tunasema wiketi imeanguka. Mechi fupi ni ova 20 kwa kila timu, ya siku moja ni ova 50, na ile ya Test huchukua siku kadhaa.

Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba hapa Mwanga. Amemwona Shafali kwenye simu ya kaka yake, sasa anasema naye atachezea taifa akifika miaka 15. Je, ni kweli huyo msichana alianza mdogo hivyo? Alifikaje? — Baba, Mwanga, Kigoma

Ni kweli, mzee wetu. Shafali alizaliwa Januari 28, 2004, Rohtak, katika jimbo la Haryana kaskazini mwa India. Alivaa jezi ya taifa mara ya kwanza Septemba 2019 mjini Surat, dhidi ya Afrika Kusini, akiwa na miaka 15 na siku 239. Siku hiyo hakupata hata mkimbio mmoja. Alitolewa kwenye mpira wake wa nne. Tunalitaja hilo mapema kwa sababu zile video fupi za kwenye simu haziwezi kumwonyesha binti yako sehemu hiyo. Novemba ya mwaka huohuo, kisiwani St Lucia dhidi ya West Indies, alipata mikimbio 73 kwa mipira 49, na yeye na Smriti Mandhana wakaweka mikimbio 143 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Kwa 73 hizo akawa Mhindi mdogo kuliko wote kufikisha mikimbio 50 katika mechi ya kimataifa, akiivunja rekodi ambayo Sachin Tendulkar, gwiji wa kriketi wa India, alikuwa ameishikilia kwa miaka 30.

Sasa tazama yaliyotangulia, maana huko ndiko kuna kazi ya mzazi. Oktoba 2013 Tendulkar alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi ya majimbo ya India huko Lahli, kijiji kilicho jirani na Rohtak. Shafali alikuwa na miaka tisa, na alikwenda kutazama. Baba yake, Sanjeev, ni sonara anayeupenda mchezo huu, na ndiye aliyemfundisha mwanzo. Alipomtafutia shule ya kriketi, zilizokuwepo mjini zilikataa kupokea msichana. Akamkata nywele, akampeleka kwenye mazoezi kama mvulana. Kaka yake alipougua, Shafali alicheza kwa nafasi yake katika mashindano ya wavulana wadogo huko Panipat. Kati ya Lahli na Surat kuna karibu miaka sita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akirushiwa mpira na wavulana wenye nguvu kumzidi.

Kwa binti yako, hesabu ni hii. Tangu Novemba 2020, Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, limeweka umri wa chini wa miaka 15 kwa mechi zote za kimataifa, zikiwemo za vijana wa chini ya miaka 19. Kwa hiyo ana miaka miwili ya kujenga msingi bila haraka. Akipiga mipira 120 kwa kila zoezi, mara tatu kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, anamaliza mwaka akiwa amepiga mipira 14,400. Mpe daftari aandike idadi kila siku, na pembeni aandike mingapi ilimshinda na ilimshinda vipi. Wewe au kaka yake mnaweza kumrushia kwa mkono kutoka mita 12. Si lazima mjue kurusha kama wachezaji. Kitu kimoja tunakisisitiza: mipira 120 ya kupiga ovyo kwa nguvu haifai. Themanini iwe ya kupiga chini, iende pale anapokusudia kabla hujarusha, na 40 ya mwisho ndiyo ya kupiga mbali.

Mimi ni mwalimu wa michezo Ujiji. Nina wasichana sita na wavulana 14. Baadhi ya wazazi hawataki wachanganyike, hasa kwa mpira mgumu. Mmoja ameniuliza kama ni lazima binti anyolewe kama Shafali. Pia wanaovaa hijabu wataivaaje chini ya helmeti? — Mwalimu, Ujiji

Mwalimu, la nywele ni jepesi. Shafali alikatwa nywele kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa msichana. Mlango wako uko wazi, na wanafunzi wengi wa shule zetu wamenyoa tayari. Hijabu ivaliwe ya kitambaa cha kuvutika, fupi, iliyoshonwa kuingilia kichwani, isiyo na pini. Pini chini ya helmeti ni hatari: mpira ukigonga helmeti, pini inaingia kwenye ngozi. Ncha zake ziingizwe ndani ya jezi ili zisiushike mkono wakati wa kupiga.

Kuchanganyika ni jambo jema kwa mchezo wenyewe, na ushahidi ni huyohuyo Shafali. Ila wapange kwa kasi ya mrushaji na uwezo wa mpigaji, jinsia iache. Anza wote na mpira wa tenisi, ambao ni kama gramu 58. Anayeweza kuupiga vizuri kwa muda wa mwezi mzima mpandishe kwenye mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu ya umeme. Tepu huufanya uende kwa kasi zaidi. Baada ya hapo ndipo uje mpira wa ngozi. Hapa walimu wengi hukosea: wananunua mpira wa wanaume, wa gramu 156 hadi 163, kwa sababu ndio unaoonekana dukani. Wanawake hutumia wa gramu 140 hadi 151, na watoto wa chini ya miaka 13 wa gramu 133 hadi 144. Mpira mkubwa kwa mkono mdogo unamfundisha mrushaji kusukuma badala ya kuzungusha mkono, na tabia hiyo ikishaota mizizi huiondoi kwa urahisi.

Kwa mpira wa ngozi hakuna kupiga bila helmeti, pedi za miguu na glovu, kwa mvulana wala msichana. Wasichana wakubwa wapate na kinga ya kifua. Helmeti za msaada au za mtumba zikaguliwe moja moja: chukua mpira mdogo kabisa mnaotumia, usukume kwenye nafasi iliyopo kati ya ukingo wa juu na wavu wa chuma. Ukipenya, helmeti hiyo haifai, hata kama ni mpya. Wavu ukiwa unarekebishika, upandishe mpaka mpira ukwame nje.

Lakini tunadhani shida yako kubwa itakuwa nyingine. Ukiwaachia wenyewe, wavulana watapiga na wasichana watakimbilia mipira vichakani mpaka jua lizame. Dawa ni mchezo wa jozi. Gawa watoto 20 katika makundi mawili ya kumi, kila kundi jozi tano. Kila jozi inapiga ova nne kamili, hata ikitolewa. Kila wiketi inayoanguka inaipunguzia jozi mikimbio mitano, na wapigaji wanabadilishana upande. Wengine wote wanarusha, kila mmoja ova mbili. Zamu ya kila kundi ni ova 20, inakwisha kwa saa moja na nusu au pungufu, na hakuna mtoto aliyeondoka bila kupiga wala kurusha. Msichana anayetolewa mapema kwenye mechi ya kawaida anapiga mpira mmoja halafu anakaa. Hapa anapata mipira 12 hivi, na anajifunza kutoka kwenye kosa la mpira uliopita.

Shikamooni. Niko kidato cha pili, Tabora. Mpira unaodunda karibu na miguu yangu naupeleka mbali sana. Lakini wavulana wamegundua kwamba wakinirushia unaoruka hadi kifuani natoka haraka. Rafiki yangu anasema hata Shafali ana tatizo hilo. Ni kweli? Nifanyeje? — Mwanafunzi, Tabora

Marahaba, binti yetu. Rafiki yako hajakosea. Baada ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2020, ambapo Shafali alipata mikimbio 163 kwa mipira 103 katika mechi tano, warushaji wa Uingereza na Australia walikaa wakamchunguza. Waliona kwamba mguu wake wa mbele huwahi kufunguka kuelekea upande wa miguu, yaani ule ulio mgongoni mwa mpigaji, ili mikono ipate nafasi ya kuzunguka. Mpira ukija chini na ukiwa nje kidogo ya vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, anauua. Mpira ukidunda mbali naye na kuja mbavuni, ile nafasi aliyojifungulia inakuwa haipo: mikono inabanwa kifuani, kigongo kinakwenda juu, na mpira unagusa ukingo ukipaa hewani. Hilo ndilo linalokupata na wewe.

Alichofanya ni kulikabili. Nyumbani Haryana alifanya mazoezi na wachezaji wa kiume wa jimbo, warushe mpira mfupi, yaani unaodunda mbali na mpigaji, kwa kasi kuliko atakaokutana nao kwa wanawake. Juni 2021 mjini Bristol, katika Test yake ya kwanza dhidi ya Uingereza, alipata 96, kisha 63. Udhaifu haukuisha kabisa, na si lazima uishe. Inatosha mrushaji asiwe na uhakika wa kukutoa kwa mpira huo.

Wewe anza hivi. Chukua mipira ya tenisi, ilowanishe, na utafute sehemu ya saruji. Mpira uliolowa huteleza na kuja kwa kasi. Mwenzio asimame mita 12 hadi 14, arushe kwa mkono wa juu, mpira udunde katikati yenu na ukufikie kati ya kiuno na kifua. Mipira kumi ya kwanza usiipige kabisa. Kazi yako ni miguu tu: mguu wa nyuma urudi nyuma kuelekea vijiti na usogee upande wa nje, hadi kidole gumba kielekee upande, kichwa kikiwa juu ya mguu huo. Mwambie mwenzio asimamishe mkono mara nyingine bila kuachia mpira. Ukikuta mguu wako wa mbele umeshasogea kabla hajaachia, umelipata kosa lenyewe.

Mipira kumi inayofuata, kwepa. Piga magoti uiname huku macho yakiendelea kuufuata mpira mpaka upite, na mikono ishuke chini usawa wa magoti. Wanaogeuza uso ndio wanaogongwa. Kumi ya mwisho, piga kwa kuvuta kuelekea upande wa miguu, mikono ikinyooka mbele ya kifua, na viganja vigeuke mwishoni ili mpira uende chini. Ukipiga mapema unapaa; ukichelewa unakugonga glovu. Ukifanikiwa mara nane katika kumi kwa siku tatu mfululizo, mwambie mwenzio apunguze umbali kwa mita mbili. Mpira wa ngozi kwa zoezi hili usubiri mpaka uwe na helmeti na mtu mzima pembeni.

Na wakati wote huo, endelea kuupeleka mbali ule wa chini. Usikubali mtu akuondolee kipaji hicho kwa jina la ufundi.

Mwanangu wa kike ameachwa kwenye timu ya wilaya. Amelia siku mbili, hataki kwenda mazoezini. Nimwambie nini? — Mama, Kasulu

Pole, mama. Mweleze mambo matatu yaliyomkuta Shafali. Machi 8, 2020, fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, mbele ya watazamaji 86,174, Shafali alishindwa kuudaka mpira uliopigwa na Alyssa Healy wa Australia katika ova ya kwanza, ukamponyoka mikononi. Healy akaendelea hadi 75, Australia ikafika 184. India ilipopiga, Shafali alitolewa kwenye mpira wake wa tatu akiwa na mikimbio miwili, na India ikashindwa kwa 85. Alikuwa na miaka 16.

La pili: mwishoni mwa 2024 aliachwa kwenye kikosi cha mechi za ova 50. Alirudi kuchezea jimbo lake, na Desemba hiyo akapata 197 kwa mipira 115 dhidi ya Bengal. Timu yake ilifikisha 389 na bado ikashindwa. La tatu: kikosi cha Kombe la Dunia la 2025 kilipotangazwa hakuwemo. Pratika Rawal alipoumia karibu na nusu fainali, akaitwa. Katika fainali dhidi ya Afrika Kusini, Navi Mumbai, alipata 87 kwa mipira 78, kisha kwa kurusha akawatoa Sune Luus na Marizanne Kapp. India ilishinda kwa 52, naye akatajwa mchezaji bora wa mechi.

Baada ya hapo mpeleke kwa kocha, mwende wote, na mwulize kwa adabu kitu kimoja: ni nini hasa akirekebishe kabla ya uteuzi ujao? Jibu likiwa "aongeze bidii", omba tena mpaka upate kitu cha kufanyia kazi: kudaka, kukimbia kati ya vijiti, mpira mfupi. Usimrudishe uwanjani kwa nguvu wiki hii. Wiki ijayo mrudishe.

Kikundi chetu cha vijana kimepewa kiwanja Isevya, lakini ni mchanga mtupu. Mpira ukidunda unafia hapohapo. Tunaweza kujenga sehemu ya kuchezea kwa saruji? Itachukua mifuko mingapi? — Katibu wa kikundi, Tabora

Mnaweza, na kwa mchanga wa Tabora hiyo ndiyo njia inayodumu. Urefu kati ya vijiti na vijiti ni mita 20.12, na upana kamili wa sehemu ya mechi ni mita 3.05. Ukiimwaga yote kwa unene wa sentimita 10 unahitaji kama mita za ujazo 6.1, yaani mifuko 39 ya kilo 50. Kwa mazoezi hamhitaji yote. Mpira hudunda kwenye nusu ya mpigaji, na mrushaji anaweza kukimbia juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Mwageni mita 11 kwa upana wa mita 1.8: mita moja nyuma ya vijiti na kumi mbele yake. Hapo mpira mrefu na mfupi wote utadunda kwenye saruji. Ni kama mita za ujazo mbili, mifuko 13, nunueni 14.

Chimbeni sentimita 20. Sentimita kumi za chini jazeni moramu, mwagieni maji, shindilieni mpaka kisigino kisiache alama. Msipofanya hivyo mchanga utahama chini, na zege litapasuka mvua ya kwanza. Mchanganyiko ni moja kwa mbili kwa nne: kwa kila mfuko wa saruji, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Maji yasizidi lita 28 kwa mfuko. Mafundi hupenda zege laini kwa sababu ni rahisi kulisambaza, lakini maji mengi hulifanya liwe dhaifu na uso wake utoe vumbi.

Wekeni mteremko wa sentimita moja kwa kila mita ya upana, upande mmoja, maji yasituame. Uso usugueni kwa kibao cha mbao. Mwambieni fundi mapema asiupige niru, maana uso wa niru huufanya mpira uteleze chini na mpigaji anateleza naye. Kila mita tatu wekeni mkato, usawa wake uwe sawa kabisa. Mkato ulioinuka hata kidogo utaurusha mpira usoni. Funikeni kwa magunia, mwagieni maji siku saba, na msicheze mpaka wiki tatu zipite. Fanyeni kazi hii kati ya Juni na Septemba, mvua ikiwa bado.

Mpira wa tenisi utacheza vizuri juu ya saruji tupu. Kwa mpira wa ngozi tandikeni mkeka wa katani au wa makumbi, uvutwe ukaze na ufungwe kwa ndoano pembeni. Bila mkeka, ngozi inachubuka haraka na mpira unaruka juu mno. Viatu viwe vya soli ya raba. Vijiti visimame kwenye kitako cha mbao, urefu sentimita 71.1, upana wa vyote vitatu pamoja sentimita 22.86. Mstari wa mpigaji uchorwe sentimita 122 mbele yake.

Mimi ni fundi seremala, mbao za mninga ninazo. Naweza kuwachongea watoto vigongo? — Fundi, Urambo

Unaweza kuchonga, fundi, ila mninga uache kwa vitanda na milango. Vigongo vya mechi huchongwa kwa mti uitwao wilo, ambao ni mwepesi na una nyuzi zinazobonyea bila kukatika. Mninga ni mzito zaidi. Mtoto atakiburuta kigongo, ataanza kuzungusha mapema kwa mabega, na mgongo utamuuma. Tumia msonobari mkavu usio na vifundo, nyuzi zikiwa zimenyooka kutoka mpini hadi chini. Upana usizidi sentimita 10.8 na urefu wote usizidi 96.5, hayo ni masharti ya mchezo. Nyuma acha unene wa sentimita nne katikati ya sehemu ya kupigia, upungue kuelekea pembeni. Mpini uufunge kamba ya katani kwa gundi, kisha mpira wa ndani wa baiskeli. Kigongo hiki ni cha mpira wa tenisi peke yake. Wa ngozi utakipasua.

Kumpimia mtoto: kisimamishe pembeni ya mguu wake, ncha ya mpini ifike kwenye nyonga. Kisha akishike kwa mkono wa juu peke yake, aunyooshe mbele, ahesabu hadi kumi na tano. Kikishuka, ni kizito kwake.

Kikija kigongo cha wilo, kipya, kisitumike siku hiyohiyo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kitani, paka uso na kingo kwa kitambaa, ruka maungio ya mpini, kilaze chali siku nzima, rudia mara moja. Halafu kigonge kwa nyundo ya mbao polepole, kwa jumla ya saa sita zilizogawanywa siku kadhaa, kingo ukizigonga kwa pembeni mpaka ziwe mviringo. Usikisimamishe kwenye sakafu ya saruji: ncha inanyonya unyevu, inavimba, inapasuka.

Kutoka Kigoma mtu anafikaje timu ya taifa ya wanawake? Au tunawapa watoto ndoto tu? — Mama, Gungu

Timu ipo na inashinda, mama. Tanzania ilitwaa mashindano ya Kwibuka yanayofanyika Rwanda mwaka 2019 na tena 2022, na katika yale ya 2019 Fatuma Kibasu alipata mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali. Majirani zetu Rwanda walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 Januari 2023, Afrika Kusini, wakaifunga Zimbabwe, na Henriette Ishimwe akaangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo. Kisha wakaifunga West Indies. Kombe lenyewe lilichukuliwa na India, nahodha akiwa Shafali. Kutoka Gungu, Kigali iko karibu kuliko Dar es Salaam, na kriketi ya wanawake imeshamiri huko.

Ugumu upo, na ni wa umbali. Viwanja na makocha wa Chama cha Kriketi Tanzania viko zaidi Dar es Salaam, kwa hiyo binti wa Kigoma lazima aonekane. Tunashauri mwalimu wake atunze kitabu cha alama cha kila mechi, mpira kwa mpira, maana mteuzi hawezi kufanya chochote na sifa za mdomo. Piga video mbili fupi za simu, moja kutoka nyuma ya mrushaji na moja kutoka pembeni, mipira 12 mfululizo bila kukata, na yale aliyokosa yaachwe yaonekane. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kiwe tayari mapema. Mashindano ya umri huangalia tarehe, na jina la kwenye cheti, la shuleni na la pasipoti yakitofautiana hata herufi moja, usumbufu ni mkubwa. Barua iandikwe na shule kwa chama, ikieleza umri, mkono anaopigia, anarusha aina gani ya mpira, na lini shule zinafunga, kwa sababu likizo ndiyo nafasi ya kumpandisha treni kwenda kufanyiwa majaribio. Nauli na mahali pa kulala vipangwe na familia na shule kabla barua haijatumwa, na asisafiri peke yake.